Jina la Mama Vitasa

Jumapili, 10 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili. Limetoka shuleni kwake; jalada limeshika vumbi la chaki, na kurasa tatu za mwanzo zina hesabu za kugawanya za mtoto ambaye hakujua kugawanya. "Andika humu," amesema. "Ukiendelea kuniambia mimi kila kitu nitazeeka kabla yako."

Haya, naandika. Nilikuwa mchora mabango kwa miaka kumi na sita. Nusu ya maduka ya mji huu niliyapa sura kwa mkono huu: mabucha, vinyozi, maduka ya dawa, hata karakana ya majeneza. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, kazi ikapungua mwaka hadi mwaka, brashi zangu zikaanza kukauka kama mikia ya panya. Ndipo nikaanza kununua majina.

Watu wakisikia hivyo hucheka. Lakini jina la tovuti ni kama kiwanja. Ukilipia ada ya mwaka ni lako, na anayelitaka lazima aje azungumze na wewe. Kwa miaka minne nimenunua thelathini, nimeuza matatu. Yaliyobaki ishirini na saba yamekaa tu, kila mwaka yanadai ada kama watoto wanavyodai viatu. Moja ni la nguo za mama, na kwa kuwa mtandaoni maneno huandikwa bila nafasi, limekuwa nguozamama. Mke wangu alilisoma kwa sauti: "Nguo, zama, ma!" Hadi leo sijapata mnunuzi, na nadhani sababu ni hiyo.

Leo nimeamua. Sitangoja tena wanunuzi wa viwanja, nitajenga mwenyewe. Nitafungua duka la mtandaoni juu ya jina moja kati ya hayo. Nimekwisha kulichagua, kwa sababu ndilo pekee ambalo watu hulitafuta bila kuambiwa. Kila wiki naona idadi yao: wanaliandika, wanafika kwenye ukurasa mtupu, wanaondoka.

Mamavitasa.

Mama Vitasa ana duka la vitasa, bawaba na makomeo nyuma ya soko. Ukimuuliza mtu yeyote hapa mjini alikonunua kitasa cha mlango wake, atakutajia yeye. Miaka minne iliyopita nilimchorea bango, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na wiki ileile nikalinunua jina lake mtandaoni. Nilitumaini siku moja atalihitaji anitafute. Hakunitafuta. Sasa nitauza vitasa mimi.

"Yeye anajua?" mke wangu ameuliza.

"Hajui hata tovuti ni kitu gani."

"Sikuuliza kama anajua tovuti."

Jumanne, 12 Machi

Mawingu. Hayakunyesha.

Alhamisi, 14 Machi

Nimepata mtu wa kuniuzia kwa jumla. Ghala lake liko barabara ya viwandani, na jina lake kwenye simu yangu ni Jumla, basi. Vitasa vyake vinang'aa kama meno ya tangazo la dawa ya meno. Nilipokishika kimoja nikakiona chepesi mkononi. Jumla akasema siku hizi wepesi ndio ufundi.

Jioni nimevipiga picha mezani juu ya shuka jeupe. Mchora mabango hasahau kazi yake: mwanga utoke kushoto, kivuli kiwe kidogo, na kitu kionekane kizito. Kwenye picha vinaonekana vizito kweli.

Jumatatu, 18 Machi

Duka limefunguliwa. Juu nimeweka zile herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, sawasawa na bango lake. Nilijiambia ni kazi ya mkono wangu, kwa hiyo ni zangu.

Jumanne, 19 Machi

Hakuna kitu.

Alhamisi, 21 Machi

Mteja wa kwanza! Kitasa kimoja na bawaba mbili. Amenitumia na ujumbe: "Mama, nimefurahi umeingia mtandaoni. Baba yangu alinunua kwako kila kitu."

Nilikaa nikautazama. Kisha nikamjibu: "Karibu sana mwanangu. Msalimie baba."

Nilimsomea mke wangu nikicheka. Hakucheka. Alikuwa anasahihisha madaftari, akaendelea kusahihisha, na mstari wake mwekundu ulikuwa mrefu kuliko kosa.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, kubwa. Mbao za milango zitavimba, milango itagoma kufungika, na watu watalaumu vitasa. Mvua ni rafiki wa biashara hii. Maagizo manne kabla ya saa sita.

Alhamisi, 28 Machi

Vifurushi saba. Dereva wa pikipiki anayenipelekea mizigo ameniambia wateja wote wanamwuliza Mama hajambo. "Nawaambia hajambo," anasema. "Si ndivyo?"

"Ndivyo."

Jumanne, 2 Aprili

Leo nimekwenda dukani kwa Mama Vitasa. Nilijidai nataka bisibisi. Ukweli nilitaka kuona anavyouza.

Duka ni chumba kimoja chembamba, ukutani misumari imejaa funguo kama majani. Yeye ni mnene, miwani imefungwa kwa uzi, na sauti yake unaisikia kabla hujavuka barabara.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Rangi! Brashi zako zimekufa?"

"Zimelala tu."

"Kulala gani huko miaka miwili? Mtu akilala hivyo huzikwa."

Kulikuwa na kijana anayejenga, alitaka vitasa vitatu. Kila kimoja Mama alikitia ufunguo, akakizungusha mara ishirini, sikio amelisogeza kabisa. Cha pili alikirudisha kwenye sanduku. "Hiki kina kikohozi," akamwambia. Kijana alikuwa na haraka, akasema vyote ni sawa. Mama akamwambia anayetaka vilivyo sawa akanunue mayai.

Kisha akanigeukia. "Kuna jambo linanishangaza, Rangi. Watu wanakuja hapa wananiambia, Mama, asante kwa ujumbe. Mama, mbona mzigo wangu haujafika? Ujumbe gani? Mimi simu yangu ni ya kupiga na kupokea. Nadhani uzee umeanza kunila."

Nikamwambia labda wanamchanganya na mtu mwingine.

"Labda," akasema, akanipunguzia bei ya bisibisi.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Vifurushi kumi na moja. Bisibisi bado iko kwenye karatasi yake, sijaitumia.

Jumanne, 9 Aprili

Barua kutoka kwa tajiri mmoja mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Anataka kulinunua jina, na duka juu yake. Anataja kiasi ambacho majina yangu yote mengine hayawezi kukifikia hata yakiuzwa na mimi mwenyewe nikitupiwa kama nyongeza. Miaka minne nimeingoja barua hii. Nimemjibu kwamba nafikiri. Ukweli sifikirii, naringa.

Ijumaa, 12 Aprili

Lalamiko la kwanza. Ufunguo unaingia lakini hauzunguki. Nimeandika: "Tia mafuta kidogo, mwanangu, ni unyevu."

Saa tisa lalamiko la pili. La tatu saa kumi.

Nikampigia Jumla. Akaniuliza, "Kwa bei ile, wewe ulitaka kitasa au pambo?"

Nilipaswa kusimamisha kuuza leo. Sikusimamisha. Nilijiambia ni vitatu tu kati ya vingi, na barua ya tajiri bado iko mezani, na duka linalouzwa halifungwi.

Jumanne, 16 Aprili

Nataka kuandika kwa mpangilio, kwa sababu kichwani hakuna mpangilio.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri bila kupumua. Saa nne dereva wa pikipiki alinijia mbio, maji yakimtiririka kwenye kofia. "Yule bibi wa mtaa wa bondeni," akasema, "niliyempelekea kitasa wiki iliyopita. Amefungiwa ndani. Maji yameingia."

Nilimkumbuka kwenye orodha. Mpiga chapa mstaafu, anaishi peke yake. Mwanawe, anayefanya kazi mbali, ndiye aliyemwagizia kitasa, na aliandika: "Mama Vitasa, nataka mama yangu alale salama." Nikamjibu kwa sauti ya Mama, kama nilivyozoea.

Tukaenda. Bondeni mfereji ulikuwa umefurika, njia yote ni mto wa rangi ya chai ya maziwa. Watu wapatao kumi walikuwa mlangoni, maji yamewafika mapajani. Dirishani nondo. Ndani nikasikia sauti ya mwanamke mzee, haikuwa ya kulia, ilikuwa inahesabu kitu, au inasoma kitu, sikuelewa. Ufunguo ulikuwa ndani ya tundu, nusu umezunguka, haurudi wala hauendi. Mlango wenyewe ulikuwa wa mbao nene. Mwanawe alikuwa ameuimarisha pia.

Walitumia shoka. Nilishika shoka zamu moja, mikono ikateleza, mtu akaninyang'anya akasema, "Ondoka wewe, unaupapasa." Mlango ulipopasuka maji ya nje yaliingia kwa nguvu yakamwangusha bibi kutoka kwenye kiti alichokuwa amesimama juu yake. Walimtoa amebebwa, mkono wake wa kulia umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa hai. Nimeandika neno hilo na nitaliandika tena: hai.

Kitasa kilibaki kwenye kipande cha mlango, kinang'aa.

Watu hawakurudi makwao. Mmoja alikuwa na simu ya bibi, akasoma kwa sauti risiti aliyotumiwa na mwanawe: Mama Vitasa. Wakaenda dukani kwake, kundi zima, wameloa, na kipande cha mlango mikononi. Nami nikawafuata. Sijui kwa nini niliwafuata.

Mama alitoka na miwani yake ya uzi. Wakamtupia kipande miguuni. Aliinama, akakitazama kitasa, akakigeuza.

"Hiki hakikutoka kwangu."

"Jina lako hili hapa!"

"Naliona. Hiki hakikutoka kwangu."

Mtu akapiga kelele: mwizi. Mwingine: muuaji. Mwanamke mmoja ambaye nilimwona siku ile ya bisibisi akinunua bawaba, akicheka na Mama, akasema, "Kumbe ndiyo maana siku hizi unatuma watu wa pikipiki, unaona haya kutuuzia uso kwa uso." Mama alifungua mdomo. Kila siku sauti yake inavuka barabara, lakini leo haikuvuka hata kizingiti. Alirudia mara ya tatu, polepole, kama mtu anayejiuliza kama ni kweli: "Hakikutoka kwangu."

Mimi nilikuwa nyuma, kando ya mtaro. Juu ya kichwa chake lilikuwepo bango langu.

Nikageuka nikarudi nyumbani.

Jumatano, 17 Aprili

Nimelifunga duka la mtandaoni. Ilichukua dakika moja.

Mke wangu alikuwa amekwisha kuyasikia yote shuleni. Alisubiri mpaka nimalize kula, ingawa sikula.

"Watu walipomzomea, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

Aliniondolea sahani. "Kitasa kinaweza kuharibika," akasema. "Hilo jingine silijui ni nini."

Alhamisi, 18 Aprili

Asubuhi tajiri ameandika tena. Amepandisha. Habari ya bondeni inaonekana haijamfikia, au imemfikia na hajali. Anataka jibu kabla ya jioni.

Niliiona njia yote wazi kama barabara mpya. Nauza, jina linaondoka mikononi mwangu, na mtu akiuliza, duka ni la tajiri. Niliandika: "Nimekubali." Nikaliangalia neno. Mimi nimechora maneno maisha yangu yote, najua neno likikaa vibaya. Nikalifuta, nikaandika: "Si langu kuuza." Nikatuma kabla sijabadilika, nikavaa viatu.

Duka la Mama Vitasa lilikuwa nusu limefungwa. Ndani amekaa sakafuni, amekitandika kitasa kile juu ya gazeti, amekifungua vipande vipande.

"Njoo uone, Rangi," akasema bila salamu. "Springi hii ni ya kalamu. Mtu amechukua springi ya kalamu akamfungia nayo binadamu."

"Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe, naona."

"Niliyekiuza ni mimi."

Nikamweleza. Kuhusu majina, kuhusu viwanja, kuhusu wiki ile ya bango, kuhusu ujumbe niliojibu nikimwita mtu mwanangu. Nilieleza vibaya, nikirudiarudia. Alisikiliza vilevile anavyosikiliza kitasa, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Nilipomaliza aliendelea kupanga vile vipande kwenye gazeti, kikubwa hadi kidogo.

"Uliponichorea bango, nilikulipa?"

"Ulinilipa, mama."

"Nilikucheleweshea?"

"Hapana."

"Nikakupa na chai."

"Ulinipa."

"Basi nilikukosea wapi?"

 Jibu nalitafuta hata sasa ninapoandika.

Akainuka kwa kujishika kwenye kaunta. Alikuwa analia, lakini sauti ilikuwa imerudi, ile ya kuvuka barabara. "Siku tatu hizi nilidhani nimepata wazimu! Nilifungua daftari langu la mauzo nikalisoma ukurasa kwa ukurasa kumtafuta yule bibi. Nikasema labda nilimwuzia nikasahau. Unajua kujitilia shaka kwa umri wangu ni nini? Umeuza vingapi?"

"Sitini na kimoja."

"Utavitoa vyote. Kwa mkono wako. Utaweka vingine kutoka hapa, nitakavyovisikiliza mimi, na utalipa wewe. Lakini kwanza kesho utasimama pale mlangoni useme kwa mdomo wako."

"Mama, mimi sijui kutia kitasa."

"Kuuza ulijua."

Ijumaa, 19 Aprili

Nimesema. Niliwakusanya wale wa bondeni kupitia dereva wa pikipiki, wakaja, na wa sokoni wakaja kwa sababu wa sokoni huja kila mahali. Mtu mmoja alinipiga kofi, la haki. Yule mwanamke wa bawaba alitaka kumwomba Mama radhi, Mama akamwambia, "Nunua kitu au nipishe, unaziba mwanga."

Mchana nimekwenda hospitalini. Mpiga chapa mstaafu ni mwembamba, ana nywele nyeupe fupi na mkono kwenye plasta hadi kiwikoni. Niliyasema yote nikiwa nimesimama. Akanionyesha kiti.

"Mwanangu alinisomea ule ujumbe wako," akasema. "Ulikuwa na makosa mawili. Nilishangaa: mwanamke anayejua biashara miaka thelathini, aandike hivi?"

Nikamwuliza, kwa kuwa ilikuwa inanisumbua, alikuwa anahesabu nini mle ndani.

"Sikuwa nahesabu. Nilikuwa napiga chapa. Ukutani. Tulifundishwa kuzitaja herufi kwa mistari yake, juu, katikati, chini, bila kuangalia vidole. Nikasema nikimaliza barua moja kamili, watu watakuwa wamefika. Nikamaliza nikaanza nakala." Aliutazama mkono wa plasta. "Huu ndio uliokuwa na kasi."

Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema nikija tena nimletee kitu cha kusoma, kisiwe changu.

Jumatatu, 22 Aprili

Mama ameuegesha mlango mbovu nyuma ya duka, nami nauchimba kwa patasi. Yeye amekaa kwenye kigoda. "Unachimba kaburi au tundu la kitasa?" Matundu manne, yote mabaya.

Alhamisi, 25 Aprili

Cha kwanza nimekitoa. Imenichukua saa tatu kwa mlango mmoja. Mwenye nyumba alinishikia mwavuli, kisha akachoka, akajishikia mwenyewe.

Ijumaa, 3 Mei

Vimefika kumi na vinne. Mvua haikati. Leo mwanamume mmoja amenifungia mlango usoni, kwa kitasa changu chenyewe, na nikasikia ufunguo ukikwama. Nilisimama nje nikangoja. Baada ya robo saa alinipigia simu kutoka ndani, kwa heshima kabisa.

Jumatano, 8 Mei

Nyumba moja kitasa kiligoma tangu mwezi uliopita, na familia nzima inaingilia dirishani. Watoto wamezoea, hawataki nitengeneze. Bibi yao, wa umri wa mama yangu, alinionyesha anavyorusha mguu. Tulicheka mpaka nikasahau ni kwa nini nimekwenda, kisha nikakumbuka.

Jumanne, 14 Mei

Nilidhani Mama ni mwema. Si mwema. Ni mbahili, ana kisirani asubuhi, na ana majina ya matusi kwa wateja wake wote. Lakini sijamwona akimpa mtu kitu asichokisikiliza. Leo nimemwuliza kama amekwisha kunisamehe, maana ananipa chai.

"Sijakusamehe," akasema. "Nakutumia. Kunywa."

Jumatatu, 20 Mei

Vimefika arobaini. Mke wangu ameanza kunisindikiza Jumamosi na mchana akitoka kazini. Yeye ndiye anayebisha hodi, kwa sababu uso wake watu wanaufungulia. Njiani leo ameniambia, "Nilikuwa naogopa nimeolewa na mtu nisiyemjua."

"Na sasa?"

"Sasa nakujua. Sijasema napenda yote ninayoyajua." Kisha akanichukulia mfuko wa vifaa, ule mzito.

Usiku huu nimeipitia orodha ya majina yangu ishirini na saba. Ukitoa la Mama, mengine manne ni ya watu hai wenye maduka yao: kinyozi, mshonaji, fundi redio, muuza viti. Niliyanunua yote wiki nilizowachorea mabango. Nimewaandikia wote wanne kwamba yapo, waje wayachukue, bure. Kinyozi amejibu kuuliza kama ni utapeli.

Jumatano, 22 Mei

Mama ameuliza ghafla, akiwa amekishika kitasa sikioni: "Ile tovuti. Umeifunga?"

"Nimeifunga. Nimeandika tangazo la kuomba radhi tu."

"Watu bado wanagonga?"

"Kila siku, mama. Wanatoka miji ya mbali, hawawezi kuja hapa."

Alizungusha ufunguo, nikamsikia anahesabu hadi ishirini. "Waache wangoje," akasema.

Jumatatu, 27 Mei

Mvua imesita. Mtaani watu wametoa magodoro nje.

Jumatano, 29 Mei

Cha sitini na kimoja. Nilikibakiza makusudi: mlango mpya wa mpiga chapa, uliokuwa unafungwa kwa kamba tangu aliporudi. Mwanawe amekuja likizo. Hakunisalimu, lakini alinishikia mlango wima nilipokuwa natia skrubu. Imenichukua saa moja na dakika kumi. Nilipomaliza bibi aliingia ndani peke yake, akajifungia. Sote tulisimama nje. Ufunguo ukazunguka, ukarudi, ukazunguka. Hakutoka upesi. Nilielewa kwamba anafanya mara ishirini.

Alipotoka akaniambia plasta imeondolewa na vidole viwili havikunjiki. 

Jumapili, 2 Juni

Mama Vitasa amekuja nyumbani, amevaa nguo ya kutokea. Alikwisha kutuma masharti yake jana kupitia mke wangu: jina litoke kwangu liwe lake. Duka la mtandaoni lifunguliwe upya, mimi niwe mfanyakazi kwa mshahara atakaoupanga yeye. Hakuna kitasa kitakachotoka bila kupita sikioni mwake. Na kila ujumbe nitakaomjibu mteja niuandike kama mfanyakazi, nisimwite mtu mwanangu.

Tulikaa mezani, yeye kwenye kiti changu, miwani ya uzi imekaribia kioo cha kompyuta. Mke wangu alisimama nyuma yake. Nilifungua ukurasa wa kuhamisha umiliki. Sanduku la kwanza liliuliza jina kamili la mmiliki mpya.

Nikaweka vidole tayari, nikaanza kuandika Mama, kisha nikasimama.

"Nini?" akauliza.

"Wanataka jina lako, mama. Lile la kuzaliwa."

Nilimchorea bango. Nilijenga duka juu yake, nikaandika barua kwa sauti yake, watu wakamtukana kwa ajili yangu, na mvua nzima nimekunywa chai yake. Sikuwahi kumwuliza anaitwa nani.

Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka siku nyingi. Kisha akalitaja, majina matatu, herufi moja moja, na nilipokosea ya pili akanigonga mkono. Nikaandika. Akasogea akalisoma kwenye kioo, midomo ikitembea.

"Liko sawa," akasema. "Bonyeza."

Jina lenyewe siliandiki humu. Si langu.